Tamutamu katika Sherehe za Kihindu: Kutoka Madhabahuni hadi kwa Jirani

Ikisiri

Makala hii inachunguza dhima ya tamutamu za jadi katika sherehe za Wahindu, hususan nchini India. Hoja yake kuu ni kwamba tamutamu ya sherehe si kitindamlo cha kuburudisha ulimi, bali ni chombo kinachosafiri: huandaliwa kwa masharti, hutolewa kwa mungu, hurudishwa ikiwa imebarikiwa, kisha hugawiwa watu. Maana yake imo katika safari hiyo kuliko katika sukari yake. Baada ya kuitathmini safari hii katika sherehe teule, makala inageukia lugha ya Kiswahili na kuonyesha kwamba tumeyapokea majina ya baadhi ya tamutamu hizi ilhali maana zake za kiibada zimebaki ng'ambo. Mwishowe, inapendekeza namna mwanaleksikografia na mfasiri wanavyoweza kuliziba pengo hilo.

1. Utangulizi

Mnamo Septemba 2024, ladu ilizua mjadala mkali nchini India. Ilidaiwa kuwa samli iliyotumiwa kuandaa ladu za hekalu la Venkateswara, lililoko Tirumala katika jimbo la Andhra Pradesh, ilikuwa imechanganywa na shahamu ya wanyama. Waliolengwa na madai hayo waliyakana. Tarehe 4 Oktoba mwaka uo huo, Mahakama ya Juu ya India iliagiza kuundwa kwa kikosi maalumu cha kulichunguza suala hilo.

Msomaji asiyeyajua mazingira ya kisa hiki huenda akashangaa. Kwa kawaida, chakula kinachoshukiwa kuwa na kasoro hushughulikiwa na wakaguzi wa afya, na mambo yakaishia hapo. Je, ni kwa nini andazi dogo la mviringo, lililokaangwa kwa unga wa dengu, samli na sukari, lifikishwe mbele ya majaji wa mahakama kuu kuliko zote nchini? Jibu ni kwamba mamilioni ya waumini walioila ladu hiyo hawakudhani kuwa wamenunua chakula. Waliamini kuwa wamepokea baraka kutoka mkononi mwa mungu wao. Kwa hivyo, uchafu ulioshukiwa kuwamo katika samli ulikuwa, machoni mwao, uchafu ulioingizwa katika uhusiano wao na mungu.

Si lengo la makala hii kuamua nani alikuwa na hatia katika kisa hicho. Tumekitaja kwa sababu kinadhihirisha bayana jambo ambalo nyakati za amani hufichika, yaani uzito wa tamutamu katika maisha ya kidini ya Wahindu. Ladu ya Tirumala hugawiwa kila siku. Katika sherehe, uzito huo huongezeka maradufu, kwa maana hapo tamutamu hutoka hekaluni na kuingia katika kila nyumba.

2. Ufafanuzi wa Istilahi

Kabla ya kuendelea, yafaa tufafanue maneno mawili. Kwanza, tumelichagua neno tamutamu badala ya peremende. Peremende humkumbusha msomaji vile vidonge vya sukari vinavyotengenezwa viwandani na kuuzwa madukani vikiwa vimefungwa kwa karatasi. Tamutamu tunazozizungumzia hapa huandaliwa kwa maziwa, samli, unga, nazi, ufuta, njugu na sukari, na nyingi huliwa siku chache tu baada ya kupikwa.

Pili, ni muhimu kutofautisha Mhindi na Mhindu. Katika Kiswahili cha kila siku, Mhindi ni mtu yeyote mwenye asili ya Bara Hindi, awe Mwislamu, Mkristo, Singasinga au Mjaini. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Wapo Wahindi wengi wasio Wahindu, na wapo Wahindu wasio Wahindi. Mathalani, idadi kubwa ya Wanepali na watu wa kisiwa cha Bali nchini Indonesia. Mchanganyiko wa istilahi hizi mbili umezaa makosa mengi katika maandishi yetu, na haufai kuendelezwa.

3. Safari ya Tamutamu: Naivedya na Prasada

Mwanaanthropolojia wa Ufaransa, Marcel Mauss, katika insha yake kuhusu zawadi iliyochapishwa mwaka wa 1925, alieleza kwamba zawadi katika jamii nyingi hufungamana na wajibu wa aina tatu: wajibu wa kutoa, wa kupokea na wa kulipa. Zawadi, kwa mtazamo huu, ni kamba inayowafunga watu pamoja. Wahenga wetu waliligusa jambo hili waliposema kuwa mkono mtupu haulambwi. Mtazamo huu unatufaa katika kuichanganua tamutamu ya sherehe, ingawa, kama tutakavyoona, Uhindu unauongezea hatua moja ya ziada.

Hatua ya kwanza ni maandalizi. Mpishi wa chakula cha ibada hutakiwa kuoga, kuvaa nguo safi na kulisafisha jiko. Vitunguu na vitunguu saumu huepukwa. Zaidi ya hayo, katika desturi ya wengi, mpishi haonji anachokipika. Sharti hili lina mantiki yake. Kitu kilichoguswa na mate ya mtu huhesabiwa kuwa kimetiwa unajisi, na masazo ya mtu hayawezi kuandaliwa mgeni wa heshima, seuze mungu.

Hatua ya pili ni kutoa. Sahani huwekwa mbele ya sanamu au picha ya mungu, pengine pamoja na maji, maua na taa, huku maombi yakisomwa. Chakula kikiwa katika hali hii huitwa naivedya. Huaminika kuwa mungu hukipokea kwa namna yake, ijapokuwa macho ya binadamu hayaoni kilichopungua.

Hatua ya tatu ndiyo kiini cha mambo yote. Sahani ile ile iliyotolewa huondolewa mbele ya mungu na kurudishwa kwa watu. Sasa haiitwi tena naivedya. Inaitwa prasada, neno la Kisanskriti lenye maana ya neema au upendeleo. Hapa ndipo mantiki ya unajisi inapopinduliwa. Masazo ya binadamu humpunguzia hadhi anayeyala, bali masazo ya mungu humwinua. Anayeipokea prasada hunyoosha mkono wa kulia, mara nyingi akiwa ameutegemeza kwa wa kushoto, na si adabu kuikataa au kuitupa.

Hatua ya nne ni kugawa. Prasada haifichwi kabatini. Hugawiwa wanafamilia, wageni, majirani na wapita njia. Ikiwa tutaurejelea mtazamo wa Mauss, tutaona kwamba mungu naye ameingizwa katika mzunguko wa zawadi. Binadamu hutoa, mungu hupokea, kisha mungu naye hutoa na binadamu hupokea. Hata hivyo, neema hiyo hailipiki. Kinachobaki ni kuipitisha mbele.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini safari hii ipendelee tamutamu, ilhali matunda au wali pia vingeweza kutumiwa? Matunda na wali hutumiwa kweli. Lakini tamutamu ina sifa tatu zinazoifanya ifae zaidi. Mosi, maziwa na samli hutokana na ng'ombe, mnyama anayeheshimiwa mno na Wahindu, na kwa hivyo huhesabiwa kuwa safi na vyenye kusafisha. Pili, vyakula vya samli na sukari haviharibiki haraka kama wali uliochemshwa, hivyo vinaweza kubebwa hadi kwa jamaa walio mbali. Tatu, utamu wenyewe ni lugha inayoeleweka bila mkalimani. Hakuna anayehitaji kufafanuliwa kwamba aliyeletewa kitu kitamu anatakiwa heri.

4. Tamutamu katika Sherehe Teule

India ni nchi pana, na sherehe zake hutofautiana kwa majimbo. Hapa tutaangazia chache ambazo zinaonyesha dhima mbalimbali za tamutamu.

4.1 Makar Sankranti na Pongal: Mavuno na Suluhu

Tarehe 14 au 15 Januari, jua linapohesabiwa kuwa limeingia katika buruji ya Jadi, Wahindu wengi husherehekea Makar Sankranti. Katika jimbo la Maharashtra, tamutamu ya siku hiyo ni tilgul, ambayo ni ufuta uliochanganywa na sukari guru na kuviringishwa kama ladu ndogo. Uchaguzi wa viungo hivi haukutokea kwa bahati. Januari ni msimu wa baridi katika sehemu hizo, na katika tiba ya jadi ya Kihindi, ufuta na sukari guru huhesabiwa kuwa vyakula vinavyoupa mwili joto. Vilevile, huo ni wakati wa kuvuna miwa.

Lakini lililo muhimu zaidi ni maneno yanayoandamana na tamutamu hii. Anayeitoa humwambia anayeipokea maneno ya Kimarathi yenye maana kwamba apokee tilgul na azungumze kwa utamu. Kauli hii fupi ina uzito mkubwa. Watu waliokosana wakati wa mwaka hupata njia ya kusuluhishana bila kulifufua shauri lililowatenganisha. Hakuna anayelazimika kuomba radhi hadharani. Ladu ya ufuta huomba kwa niaba yake. Kwa mwanafunzi wa isimujamii, huu ni mfano mzuri wa tendo-usemi ambalo halikamiliki kwa maneno pekee. Maneno bila ufuta ni porojo, na ufuta bila maneno ni chakula tu.

Katika kipindi icho hicho, Watamil wa kusini mwa India huadhimisha Pongal kwa muda wa siku nne. Siku kuu ya sherehe hiyo, mchele mpya wa mavuno hupikwa kwa maziwa, choroko na sukari guru ndani ya chungu, aghalabu nje ya nyumba ambako jua linaonekana. Chungu huachwa kichemke hadi kifurike, na kufurika huko hupokewa kwa shangwe. Neno pongal lenyewe linahusiana na kuchemka na kufurika. Sehemu nyingine, mpishi ambaye chungu chake kimefurika angehesabiwa kuwa mzembe. Hapa, kufurika ndiko kunakotarajiwa, kwa kuwa ni ishara ya mwaka wa neema. Wali huo mtamu hutolewa kwa jua kabla ya kuliwa na watu.

4.2 Ganesh Chaturthi: Utamu Uliofichwa

Ganesha, mungu mwenye kichwa cha ndovu na mwondoaji wa vikwazo, hupenda tamutamu iitwayo modak. Sherehe yake, Ganesh Chaturthi, huangukia Agosti au Septemba na yaweza kudumu hadi siku kumi. Modak ya jadi ya Maharashtra huandaliwa kwa unga wa mchele uliosongwa kwa maji moto. Donge la unga hutandazwa mkononi liwe kama kikombe, likajazwa nazi iliyokunwa na kupikwa pamoja na sukari guru na iliki, kisha kingo zake hukunjwa kwa vidole na kukutanishwa juu ziwe na ncha. Baadaye, modak hupikwa kwa mvuke. Desturi ni kumtolea Ganesha modak 21.

Wafasiri wengi wa mila hii husema kwamba ganda la modak, ambalo halina ladha kubwa, huwakilisha yale ya nje, na utamu uliomo ndani huwakilisha hekima inayopatikana na mwenye subira. Iwe tunaikubali fasiri hii au la, ukweli ni kwamba modak haiwezi kuharakishwa. Mikunjo yake huhitaji vidole vyenye mazoea, na ujuzi huo hurithishwa kutoka kwa nyanya na mama hadi kwa mabinti na wakaza wana waliokaa pamoja jikoni mkesha wa sherehe.

Sherehe hii ina historia ya kisiasa pia. Kuanzia mwaka wa 1893, mpigania uhuru Bal Gangadhar Tilak aliihimiza iadhimishwe hadharani, hasa mjini Pune, badala ya kubaki ndani ya nyumba. Chini ya utawala wa Waingereza ambao uliitilia shaka mikutano ya kisiasa, mkusanyiko wa kidini uliwapa watu fursa ya kukutana. Prasada iliyogawiwa katika mabanda ya barabarani iliwafikia watu ambao wasingekaribishwa katika nyumba moja. Tamutamu hapo ilitumika kuujenga umma.

4.3 Diwali na Annakut: Sanduku na Mlima

Diwali, sherehe ya taa, huadhimishwa Oktoba au Novemba, na kilele chake ni usiku wa mwezi mwandamo wa Kartik. Kaskazini mwa India, hukumbukwa kurejea kwa Rama mjini Ayodhya baada ya uhamisho wa miaka 14. Katika usiku huo, nyumba nyingi humwabudu Lakshmi, mungu wa kike wa ustawi. Miongoni mwa wafanyabiashara wa Kigujarati, vitabu vipya vya hesabu huwekwa mbele yake ili avibariki. Tamutamu za Diwali ni nyingi: ladu, barfi za maziwa zilizokatwa kwa umbo la msambamba, peda, na ghughra, ambazo ni sambusa tamu zilizojazwa semolina, lozi au maziwa yaliyochemshwa hadi yakakauka. Siku ya tano, dada humlisha kaka yake tamutamu kwa mkono wake na kumwombea maisha marefu.

Katika Diwali, tamutamu husafiri mbali kuliko katika sherehe nyingine yoyote. Masanduku hupelekwa kwa majirani, waajiriwa, madaktari, walimu na wateja. Hapa, wajibu wa kulipa alioutaja Mauss hujitokeza waziwazi: aliyepokea sanduku hutafuta la kurudisha, na aliyesahauliwa huhesabu kwamba amesahauliwa.

Siku inayofuata Diwali, ambayo kwa Wagujarati ni mwaka mpya, huadhimishwa Annakut, yaani mlima wa chakula. Kisa chake ni kwamba Krishna aliuinua mlima Govardhan na kuushikilia kwa siku saba ili kuwakinga watu na mvua ya Indra. Kwa mujibu wa masimulizi, Krishna alikuwa na kawaida ya kula mara nane kwa siku. Baada ya mvua, watu walimwandalia vyakula 56, yaani saba mara nane, ili kumfidia milo aliyoikosa. Hadi leo, mahekalu ya wafuasi wa Krishna na yale ya Swaminarayan hupanga mamia ya vyakula ngazi kwa ngazi mbele ya sanamu, na jioni vyote hugawiwa watu.

4.4 Durga Puja: Kumuaga Binti

Katika Bengali, sherehe kuu ni Durga Puja. Ile ya mji wa Kolkata iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka wa 2021. Wabengali humchukulia Durga kama binti aliyeolewa ambaye amekuja kwao kwa siku chache kuwaamkia wazazi. Siku ya mwisho, kabla ya sanamu yake kupelekwa kuzamishwa majini, wanawake walioolewa huigusisha midomo yake kwa tamutamu, kama vile mama anavyomlisha binti anayerudi kwa mumewe. Baada ya hapo, vijana huinama na kuigusa miguu ya wazee, watu hukumbatiana, na kila nyumba humkaribisha mgeni kwa kitu kitamu. Tamutamu hapa huituliza huzuni ya kuachana.

Miongoni mwa tamutamu za Wabengali kuna iitwayo sandesh, iliyotengenezwa kwa maziwa yaliyogandishwa. Neno sandesh katika Kibengali lina maana mbili: tamutamu hiyo, na habari au ujumbe. Ni vigumu kupata ithibati bora zaidi ya hoja yetu. Lugha yenyewe imekiri kwamba tamutamu ni barua.

5. Tamutamu na Mipaka ya Kijamii

Ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba tamutamu huwaunganisha watu wote siku zote. Mfumo wa matabaka umeuathiri mno ulaji wa Wahindu. Louis Dumont, katika kitabu chake Homo Hierarchicus cha mwaka wa 1966, ni mmoja wa wataalamu walioichunguza tofauti kati ya vyakula viitwavyo kachcha, ambavyo hupikwa kwa maji, na vile viitwavyo pakka, ambavyo hupikwa kwa samli. Wali uliochemshwa ulipokewa kwa mtu wa tabaka sawa au la juu tu. Chakula cha samli kilihesabiwa kuwa na kinga, na kwa hivyo kiliweza kupokewa kutoka kwa watu wa matabaka mengi zaidi. Hii ni sababu nyingine muhimu iliyoifanya tamutamu kuwa zawadi ya sherehe: ilikuwa chakula kilichoruhusiwa kuvuka.

Hata hivyo, uvukaji huo ulikuwa na kikomo. Waliobandikwa jina la wasioguswa, ambao leo wengi wao hujiita Dalit, walizuiwa kuingia katika mahekalu mengi, na hivyo hawakuweza kuipokea prasada kama wengine. Ufalme wa Travancore uliwafungulia mahekalu yake mwaka wa 1936, na Katiba ya India iliyoanza kutumika mwaka wa 1950 ilipiga marufuku ubaguzi huo. Kadhalika, katika mikusanyiko ya wanawake ya Makar Sankranti huko Maharashtra, wajane kwa desturi hawakualikwa. Kuna pia mifano ya kinyume. Katika hekalu la Jagannath mjini Puri, inasisitizwa kuwa chakula kilichobarikiwa huliwa na watu wa matabaka yote pamoja. Kwa hivyo, ukitaka kujua ni nani anayehesabiwa kuwa mmoja wa jamii, tazama sahani ya tamutamu inapofikia na inapokomea.

Mipaka ya majimbo nayo huzua ushindani. Bengali Magharibi na Odisha zilizozana kwa miaka kuhusu asili ya rasagola, donge la maziwa yaliyogandishwa lililolowa shira. Toleo la Bengali lilipewa hati ya utambulisho wa kijiografia mwaka wa 2017, na la Odisha mwaka wa 2019. Hoja ya watu wa Odisha ilikuwa ya kiibada: huko Puri, Jagannath anaporejea kutoka katika sherehe ya magari ambayo hakumchukua mkewe, Lakshmi humfungia mlango, naye humtuliza kwa rasagola. Madai yao, kwa ufupi, ni kwamba tamutamu ni mali ya wale wanaoitumia katika ibada.

6. Kiswahili na Majina Yaliyovuka Bahari

Uhusiano wa pwani yetu na Bara Hindi ni wa karne nyingi, nao uliimarishwa na wafanyabiashara wa Kigujarati na baadaye na ujenzi wa reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901. Sheria ya sikukuu za umma ya Kenya inaitambua Diwali kwa waumini wa Kihindu, na mnamo Julai 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa jamii ya 44 nchini. Si ajabu, basi, kwamba msamiati wa tamutamu umetufikia.

Ladu na jelebi ni maneno ya Kiswahili leo. Sukari guru, ambayo wengine huiita sukari nguru, haina uhusiano wowote na guru kwa maana ya mwalimu. Imetokana na gur, jina la Kihindi la sukari hiyo ya miwa isiyosafishwa. Barfi na barafu ni ndugu, kwani yote mawili yanatokana na neno la Kiajemi barf, yaani theluji. Halua, kwa upande mwingine, ni neno la Kiarabu ambalo Kihindi na Kiswahili zimelipokea, kila moja kwa njia yake. Hata laki, tunayoitumia kuhesabu ladu za Tirumala zinazopikwa kila siku, ni neno la Kihindi.

Pengo lipo katika maana. Kamusi zetu huelekea kuifasili ladu kwa kutaja umbo na viungo vyake. Fasili hiyo inatosha kwa ladu ya mwambao, yenye tangawizi na pilipili manga, inayoliwa kwa kahawa. Haitoshi kwa ladu ya Diwali. Tatizo huwa kubwa zaidi mfasiri anapokutana na neno prasada. Je, aseme sadaka? Sadaka hutoka kwa binadamu kwenda kwa Mungu au kwa maskini, hairudi. Je, aseme kafara? Kafara huondoa balaa, na mara nyingi haitamaniki kuliwa. Je, aseme tambiko? Tambiko limekaribia, kwa sababu wahusika hula pamoja na wahenga, lakini kwa kawaida fungu la wahenga hutengwa na kuachwa. Neno lililo karibu zaidi ni tabaruku, ambalo watu wa mwambao hulitumia kwa kitu kinachogawiwa au kuliwa kwa kutafuta baraka, kama vile baada ya maulidi. Lakini hata tabaruku haibebi wazo kwamba mungu ndiye aliyetangulia kula katika sahani hiyo, na huenda baadhi ya Waislamu wasiridhike likitumiwa kwa maana hiyo.

Kwa mtazamo wetu, njia ifaayo ni kulikopa neno lenyewe na kulipa fasili inayotaja tendo. Tunapendekeza fasili ifuatayo: prasada, nomino: chakula, aghalabu tamutamu, kilichotolewa kwanza kwa mungu wa Kihindu katika ibada kisha kikagawiwa watu kama baraka. Kwa upande wa ladu, barfi na modak, inatosha kuongeza maneno machache yanayoonyesha kuwa hutumiwa katika sherehe na ibada za Kihindu. Hayo hayatachukua zaidi ya mstari mmoja kamusini, lakini yatamsaidia mwanafunzi kuelewa kwa nini jirani yake amemletea sanduku na si tunda.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba tamutamu ya sherehe ya Kihindu hutekeleza kazi nyingi. Huwaunganisha binadamu na mungu kupitia naivedya na prasada, huashiria mavuno, husuluhisha waliokosana, humuaga binti, huubariki mwaka mpya wa biashara, na huchora mipaka ya nani ni nani katika jamii. Katika kazi zote hizi, utamu ni mwanzo tu. Kilicho muhimu ni kwamba kitu hicho kimetoka mkono mmoja na kuingia mwingine kwa utaratibu unaojulikana.

Kwa sisi tunaoshughulika na Kiswahili, somo ni kwamba neno la mkopo halipaswi kupokewa kama mzigo uliofungwa. Neno, kama ilivyo tamutamu, huja na mtu aliyelituma na sababu ya kulituma. Ni wajibu wa mwanafunzi, mwanaleksikografia na mfasiri kulifungua na kulichunguza. Kenya ina jamii ambayo imeishi nasi kwa zaidi ya karne moja, na bado tunaijua kupitia majina ya vyakula vyake kuliko kupitia maana zake. Jirani akibisha hodi jioni ya Diwali akiwa na sahani mkononi, yafaa tujue kwamba sahani hiyo, kabla ya kufika mlangoni petu, imeshapitia mahali pengine.